Nyanya Sokoni Bado Inapumua

Imani kwamba tunda likichumwa limekufa ni ya uongo, na sisi watu wa Gihundwe, Rwanda, tunailipia. Nyanya zinazopelekwa mpaka wa Rusizi I zivuke kwenda Bukavu, Kongo, hushindiliwa kwenye magunia, hukaliwa, huachwa juani kama kokoto. Kwa anayeamini zimekufa, ya nini kuzihurumia?

Maiti haipumui. Nyanya iliyochumwa inapumua: inavuta oksijeni, inatumia sukari yake, inatoa kabonidioksidi, maji na joto. Tia mkono katikati ya gunia lililofungwa tangu asubuhi, utalisikia joto hilo. Tofauti ni kwamba mche hauiletei tena maji wala chakula, basi inakula akiba. Na kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka takribani mara 2 hadi 3. Jua la foleni ya mpakani linakula akiba ambayo ingeifikisha nyanya kesho kutwa.

Mwenye shaka aitazame avoka. Ikiwa juu ya mti hukomaa lakini haiivi. Huiva ikishachumwa, kwa gesi ya ethilini inayoitengeneza yenyewe. Kilichokufa hakiivi, huoza tu. Mwaka 2013 Janet Braam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba kabichi iliyokwisha kuvunwa, ikipewa mwanga na giza kwa zamu, hufuata mchana na usiku, na kwa saa zake huongeza kemikali za kujikinga na viwavi. Kabichi iliyokatwa shina! Bado inamsubiri adui.

Nitaulizwa kuhusu muhogo, unaopiga weusi ndani ya siku 2 au 3. Lakini weusi ule haumaanishi kwamba muhogo ulikufa ulipong'olewa. Ni seli hai zinazohangaikia jeraha la kung'olewa, na ndiyo maana bibi zetu waliuacha ardhini mpaka siku ya kuupika.

Kwa hiyo sikubali mama anayevusha beseni lake aambiwe hasara ni kawaida ya mboga. Haki yake ni kivuli pale anaposubiri kuvuka, na kreti zenye matundu badala ya magunia. Naye asipange ndizi zinazoiva pamoja na kabichi, kwa sababu ethilini ya ndizi huyageuza majani kuwa manjano kabla hayajafika soko la Kadutu, kule Bukavu.