Nyumba na Bustani: Kivuli cha Miti ya Jirani

Katika makazi ya askari na polisi, kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba ni nyongeza ya mshahara. Familia inayochuma sukuma wiki, dodo na vitunguu vyake yenyewe huokoa fedha ya sokoni, hasa siku za mwisho wa mwezi. Kwa hiyo safu ya miti inapoinuka ukingoni mwa bustani inayolimwa na nyumba mbili, na upande mmoja ukakosa jua, jambo hilo si dogo. Kinachopungua ni mboga ya watoto.

Mti unaoleta manung'uniko hayo mara nyingi, hususan katika nyanda za baridi kama Kabale, ni msaipresi, ambao wengine huuita msonobari au mti wa Krismasi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao, kisha watu wakaupenda kwa ua na kwa kukinga upepo. Penye mvua ya kutosha, mti mchanga huweza kurefuka kadiri ya mita moja kwa mwaka, na ukiachwa waweza kufikia mita 30. Aliyepanda miche iliyomfika magotini hakukusudia kumdhulumu mtu, lakini miaka minane baadaye jirani yake analima kivulini.

Yafaa madhara yenyewe yajulikane sawasawa, ili lawama isizidi kosa. Msaipresi haupukutishi majani yake yote kwa msimu, na hivyo kivuli chake hakiondoki mwaka mzima. Mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikavuka upeo wa matawi na kunywa maji yaliyokusudiwa mboga. Wengi husema kwamba majani yake yaliyoanguka ndiyo yanayotia sumu udongo. Hakika ni kwamba mboga hudhoofishwa zaidi na kiu na ukosefu wa jua. Majani hayo huoza polepole, lakini yakichanganywa na samadi na majani mabichi huwa mbolea.

Kabla ya panga kushikwa, kuna jambo moja ambalo kila mwenye bustani hana budi kulifahamu. Mkaratusi ukikatwa huchipua shinani. Msaipresi hauchipui. Tawi likikatwa hadi ndani, mahali penye kahawia pasipo na majani, pengo hilo halifuniki tena. Kisiki kikibaki, kimekufa. Anayemvizia jirani akiwa zamuni na kuikata miti yake nusu amefanya kitendo kisichoweza kusahihishwa, na jirani ataliona kovu hilo kila asubuhi afunguapo mlango. Ndiyo sababu katika shauri la mti huu maneno hutangulia.

Katika makota, maneno hayo yana ugumu wake. Huenda mwenye miti ni sajini na mwenye kulalamika ni koplo. Mume akinyamaza kwa kuogopa cheo, mke hulipeleka neno kisimani, na huko hukua kuliko miti yenyewe. Njia iliyo bora ni wenye majembe kukutana bustanini, mchana, bila hasira. Mke wa koplo aweza kumwambia mwenziwe: "Dada, mboga zetu za upande huu hazipati jua. Njoo tuzitazame pamoja." Akiisha kuiona mistari miwili ya maharage, mmoja mnene na mmoja mwembamba, hahitaji kushawishiwa sana. Naye mlalamikaji asikilize upande wa pili: pengine miti hiyo ndiyo inayozuia upepo usiezue mabati ya nyumba zote mbili.

Mapatano yakipatikana, kazi iko wazi. Matawi ya chini hupogolewa karibu na shina, na jua la asubuhi hupita chini yake. Mti haudhuriki ukibakizwa na majani ya kutosha juu. Mti mchanga wa ua hukatwa ncha ili usizidi kimo kilichokubaliwa, na pande zake hupunguzwa kila mwaka ndani ya sehemu yenye kijani tu. Samaki mkunje angali mbichi. Mizizi iliyoingia bustanini yaweza kukatwa kwa mtaro, lakini mtaro huo uwe mbali na shina, kwa maana mti mrefu uliokatwa mizizi upande mmoja huangushwa na upepo. Kumwaga chumvi au mafuta machafu shinani ni hatari mara mbili: udongo wa bustani huharibika, na mti uliokufa husimama ukingoja siku ya kuangukia paa. Mti uliokwisha kuwa mrefu kuliko nyumba ukatwe na fundi mwenye kamba.

Inafaa pia kujua kwamba matawi yanayokauka si lazima yawe kazi ya jirani. Vidukari wa msaipresi walionekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, wakaua miti mingi. Tawi lililogeuka kahawia litazamwe kwanza kama lina wadudu, kabla ya mtu kushitakiwa.

Endapo mazungumzo yatashindikana, kuna sheria. Mwaka 1894 Baraza la Malodi la Uingereza, likiwa mahakama ya juu, lilikubali kwamba mtu aweza kukata matawi yanayoingia upande wake, bila kuvuka mpaka. Matawi yaliyokatwa hubaki mali ya mwenye mti. Msingi huo ulizifikia nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Uganda ikiwamo. Baadaye miti ya jamii hiyohiyo iligombanisha majirani wengi huko Uingereza, hata sheria ya mwaka 2003 ikaruhusu malalamiko kuhusu ua wa kijani unaozidi mita 2 na kumzuilia mtu mwanga. Hata hivyo, mlalamikaji hutakiwa kwanza awe amejaribu kupatana na jirani. Kambini hakuna ua wa mtu binafsi, maana ardhi ni ya serikali. Kwa hiyo ruhusa ya mkuu wa kambi huombwa na pande zote mbili, tena kabla ya kukata.

Wakati shauri linangojea, ardhi isilale bure. Nyanya, mahindi na vitunguu vihamishiwe penye jua. Chini ya miti pajengwe banda la kuku au shimo la mbolea.

Mwisho, askari huhamishwa, na miti hubaki. Anayepanda ua leo anampandia mtu asiyemjua, atakayekuja na watoto wake na jembe lake. Na apande mbali na bustani, tena auache chini ya kimo cha mtu. Siku ya kukabidhi nyumba, amwonyeshe mgeni ua, mpaka, na yale yaliyokubaliwa na jirani.