Unga wa makaa ya mawe kwenye injini: tusishangilie mapema

Kwamba vumbi la makaa ya mawe lina nguvu, hilo halina ubishi. Machi 10, 1906, vumbi hilo lililipuka katika mgodi wa Courrières, Ufaransa, na kuua watu 1,099. Suala ni iwapo nguvu hiyo inaweza kufanya kazi ndani ya injini.

Rudolf Diesel aliutaja unga wa makaa katika hataza yake ya mwaka 1892. Miaka ya 1980 serikali ya Marekani nayo ilifadhili majaribio ya injini za treni zinazotumia unga huo uliochanganywa na maji. Kikwazo kikubwa kilikuwa jivu, ambalo husaga silinda na pistoni kama msasa.

Sasa tumaini limehamia kwenye injini za detonesheni. Humo mafuta hayaungui polepole. Wimbi la mlipuko huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la pete kwa kasi kuliko sauti, mara maelfu kwa sekunde. Kinadharia, mafuta yale yale hutoa kazi kubwa zaidi. Aidha, chumba hicho hakina pistoni ya kusagwa. Watafiti wa Taasisi ya Lavrentyev mjini Novosibirsk, Urusi, wamekwishaonyesha maabara kwamba unga wa makaa unaweza kuchomwa hivyo.

Hata hivyo, waliuongezea haidrojeni. Punje ya makaa lazima ipate joto na kutoa gesi zake kwanza, wakati wimbi halisubiri. Na ukitaka umeme, nyuma ya chumba hicho utaweka turbaini, na jivu litayakuta mapanga yake. Tatizo limehama chumba, halijahama nyumba.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, makaa ya Ruvuma yalisafirishwa hadi Ulaya kupitia bandari ya Mtwara. Wapo watakaotuambia kwamba teknolojia hii itayafanya makaa yetu kuwa safi. Kwa maoni yetu, waulizwe maswali matatu: jivu litakwenda wapi, haidrojeni itatoka wapi, na nani atalipia? Kaboni iliyomo katika tani moja ya makaa haipungui kwa kuchomwa haraka. Injini bora itaokoa tani kadhaa. Haitayabadili makaa kuwa kitu kingine.