TAHARIRI: Wa Bendi ya 1 naye atatoka chuoni na deni

Muulize komredi yeyote wa mwaka wa kwanza kati ya Ruiru na Thika yuko bendi gani, atakujibu papo hapo. Muulize atakuwa na deni la pesa ngapi siku ya kuvaa joho, atakuangalia tu.

Si kosa lake. Tangu Rais William Ruto atangaze mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu mwezi Mei 2023, mazungumzo yote yamekuwa ya asilimia. Hebu tuzigeuze ziwe shilingi. Tutumie jedwali la bendi tano la mwaka wa 2024 na kozi inayogharimu Sh200,000 kwa mwaka, ili hesabu iwe rahisi.

Wa Bendi ya 1, yaani anayetoka familia yenye uhitaji zaidi, anapewa skolashipu ya asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia inalipa asilimia 5. Kwa hivyo mkopo wa karo ni Sh50,000. Ongeza pesa za matumizi, Sh60,000 kwa mwaka. Hizo ndizo wengi husahau. Zile za chakula na kodi ya bedsita zinazofanya WhatsApp ichangamke Helb ikiingia si zawadi, ni mkopo pia. Jumla ni Sh110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne, Sh440,000 kabla ya riba.

Sasa mtazame wa Bendi ya 5, mtoto wa familia yenye uwezo. Mkopo wa karo ni asilimia 30, yaani Sh60,000, na matumizi Sh40,000. Miaka minne, Sh400,000. Naam, yule wa Kiandutu anamaliza chuo akidaiwa Sh40,000 zaidi ya yule ambaye baba yake ana gari. Kozi ikifika Sh400,000 kwa mwaka ndipo wanalingana.

Tuseme ukweli wote: familia ya Bendi ya 1 inatoa Sh10,000 tu kwa mwaka, ile ya Bendi ya 5 inatoa Sh80,000. Huo ni msaada mkubwa kwa mzazi anayefanya kibarua katika mashamba ya nanasi au kuuza mitumba Makongeni. Lakini mzigo haujatoweka. Mzazi ameutua, kijana ameubeba.

Barabara ya Thika ina jambo lake jingine. Skolashipu ya serikali katika mfumo huu ni ya vyuo vikuu vya umma. Anayechagua cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa Helb, lakini skolashipu hapati. Ukiwa ndani ya matatu ya 237, Chuo Kikuu cha Kenyatta na JKUAT ni vya umma. Zetech pale Ruiru na MKU pale Thika ni vya kibinafsi. Steji chache tu, na hesabu inabadilika kabisa. Anayejaza fomu ya Kuccps kwa kufuata marafiki anafaa kulijua hili mapema, si wiki ya kusajiliwa.

Mahakama Kuu, kupitia Jaji Chacha Mwita, iliamua Desemba 2024 kwamba mfumo huu unakiuka Katiba. Mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Serikali nayo ikatangaza kupunguza karo ya vyuo vya umma mwaka uo huo. Shukrani, lakini deni la Helb halingoji kesi iishe.

Na hapa ndipo tunapogombana na sheria yenyewe. Riba ya Helb ni asilimia 4 kwa mwaka, na hakuna benki itakayokupa bei hiyo. Kwa deni la Sh440,000, hiyo ni Sh17,600. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unatakiwa uanze kulipa. Usipolipa, faini ni Sh5,000 kila mwezi, yaani Sh60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya riba. Kijana ambaye amezunguka viwanda vya Thika na bahasha mpaka viatu vimeisha soli anapigwa faini kwa kukosa kazi. Helb imewahi kusamehe faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, lakini asiye na Sh5,000 atatoa wapi Sh440,000?

Pesa zinazorudishwa ndizo wanazokopeshwa wanaofuata, kwa hivyo hatusemi watu wasilipe. Mwenye mshahara akatwe, tena bila kubembelezwa. Lakini Bunge liondoe faini kwa asiye na kipato anayeweza kuthibitisha hivyo, na kila anayeomba mkopo aonyeshwe jumla ya deni la miaka yote, kwa shilingi, kabla ya kusaini.

Kwa sasa, chukua kalamu ukae na mzazi. Zidisha mkopo wa karo na wa matumizi kwa miaka ya kozi yako, uone kama unaweza kuishi na jibu hilo. Na kama bendi uliyopewa hailingani na hali ya nyumbani, kata rufaa dirisha likiwa bado wazi. Eleza mama anafanya kazi gani na ndugu zako wangapi bado wako sekondari, na uambatanishe stakabadhi.