Inauzwa, Pamoja na Historia

Unayajua haya matangazo: jengo la kihistoria, Mji wa Kale Mombasa, ghorofa tatu, roshani za mbao, fursa kwa mwekezaji. Picha kumi, na hakuna hata kanga moja kwenye kamba. Nguo zimeanuliwa, wenye nguo watafuata.

Ati historia. Ya nani? Mawe ya matumbawe na chokaa peke yake? Ama ya mama anayekaanga mahamri pale chini, na watoto waliojifunza kutembea kwenye ngazi zile?

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaweza kulinda mlango wa nakshi. Anayeufungua je? Sheria ya kudhibiti kodi inamkinga tu mpangaji anayelipa shilingi 2,500 kwa mwezi au chini. Niambie, nani leo mjini anapata hata chumba kwa hiyo pesa?

Kwa hivyo mlango utabaki, mama atahamia mbali, na sisi tutakuja kunywa kahawa ghali hapo tukipiga selfi. Huko si kuhifadhi, bana. Pandisheni kwanza hicho kiwango cha 2,500, halafu tuongee turathi.