Kitabu cha Picha si Kifungu cha Ufahamu

Imezoeleka miongoni mwa walimu, na hata baadhi ya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kukichukulia kitabu cha picha kuwa ngazi ya kumpandisha mtoto hadi kwenye maandishi. Akishafika, ngazi hutupwa. Kwa mtazamo huo, kitabu hufunguliwa darasani kama kifungu cha ufahamu. Mwalimu huuliza ng'ombe ana rangi gani, darasa zima huitika, ukurasa hufunuliwa. Jibu ni moja, na mwenye kulijua ni mwalimu. Hapo mtoto hafunzwi kubuni. Hufunzwa kukisia kilichomo kichwani mwa mkubwa wake.

Athari za desturi hiyo zilidhihirika katika insha za KCPE, mtihani uliodumu kuanzia 1985 hadi 2023. Watoto wengi walikaririshwa mianzo, jogoo akawika na jua likachomoza hata katika kisa cha usiku. Kisha wakalaumiwa kwa kukosa ubunifu! Hadaiwi asiyekopeshwa.

Mwongozo wa mtaala wa 2017 uliorodhesha ubunifu na kujiamini miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, mambo hayo mawili yanaweza kutajwa katika andalio la somo yasionekane katika somo lenyewe.

Watetezi wa desturi hii hushikilia kwamba mtoto asiye na msamiati hana budi kupewa kielelezo kwanza. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kielelezo hufunza lugha; hakimpi mtoto idhini ya kusema. Katika The Dot (2003), kitabu cha picha cha Peter H. Reynolds, msichana aaminiye kwamba hawezi kuchora hapewi mchoro wa kuiga. Mwalimu humtaka atie alama yoyote, aweke sahihi yake, kisha huitundika ukutani ndani ya fremu. Sahihi ndiyo kiini: mtoto ametambuliwa kuwa mtunzi kabla ya kusahihishwa.

Wala wazo hili si geni kwa Waswahili. Fanani aitapo "Paukwa", hadithi haianzi mpaka hadhira iitike "Pakawa". Darasa limemfanya mtoto kuwa hadhira bubu. Kitabu cha picha kinaweza kumrudishia ufanani wake.

Kisingizio cha uhaba wa vitabu nacho hakitoshi. Palipo na kitabu kimoja tu, mwalimu na afunike maandishi kwa karatasi, awaachie watoto picha, kisha aandike ubaoni hadithi waitungayo pamoja na majina yao.

Idara za fasihi vyuoni hulalamika kwamba wanafunzi husubiri maelezo ya mhadhiri kabla ya kuthubutu kuihakiki riwaya. Zisishangae. Wanafunzi hao wangali wanangoja kuambiwa ng'ombe ana rangi gani.