Maombi ya Chuo Yasiachiwe Vibanda

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, vibanda vya kudurufu karatasi kuanzia Mbagala hadi Bunju hugeuka kuwa ofisi za udahili. Kijana aliyesomeshwa miaka kumi na mitatu kwa jasho la wananchi humkabidhi mtu asiyemjua vyeti vyake, namba yake ya mtihani na fedha za mama yake, ili amchagulie chuo. Huu ni ulanguzi kama ulanguzi mwingine wowote, ila bidhaa inayolanguliwa ni maisha ya mtoto wa mfanyakazi.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafuta ada ya kidato cha tano na cha sita. Inakuwaje basi mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Temeke, aliyevuka mtihani, akwame kwenye fomu? Mwenzake ambaye baba yake ana ofisi na shemeji yake ni mhadhiri hakwami. Nyumbani kwake wamo watu watatu wa kumsomea masharti. Usawa uliojengwa darasani kwa miaka unabomolewa katika wiki chache za maombi.

Masharti yenyewe si ya kubahatisha. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kozi zote na masomo zinayoyadai. Kiwango cha chini ni pointi nne katika masomo mawili, kwa mfano D mbili. Lakini anayetaka udaktari hana budi awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Mwenye kibanda hakifungui kitabu hicho, kwa sababu hulipwa kwa idadi ya fomu alizojaza. Tena, tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi chuoni moja kwa moja, na akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Iwapo simu iliyoandikwa ni ya mwenye kibanda, nani atathibitisha?

Mkopo nao una miiba yake. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini, na saini ya serikali ya mtaa. Yatima hudaiwa vyeti vya vifo vya wazazi. Jina likitofautiana kwa herufi moja kati ya cheti na cheti, huanza safari ya viapo, na tarehe ya mwisho haimngoji mtu.

Wapo walimu wanaodai kwamba kazi yao huishia siku mtihani unapofungwa, na kwamba hakuna posho ya kujaza fomu. Dai la posho lina uzito. Mwalimu wa Chamazi naye hupanda daladala mbili. Lakini dai la kwanza ni kasumba tupu. Chini ya Azimio la Musoma la 1974, kijana kwa kawaida hakuingia Chuo Kikuu pasipo kufanya kazi kwanza na kupata maoni ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro, ukaachwa. Hata hivyo walikuwapo watu wazima waliowajibika kutia saini juu ya kijana. Leo anaachwa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta.

Vyeti vya kuzaliwa na vikaguliwe mwanafunzi angali kidato cha tano. Mwongozo wa Tume usomwe darasani, hata ule wa mwaka uliopita, wakati mpya unangojewa. Vyumba vya kompyuta vya shule, ambavyo funguo zake hulala mfukoni mwa mkuu wa shule mwaka mzima, vifunguliwe katika wiki za maombi, na watumishi wa manispaa za Kinondoni na Temeke waliosoma kwa mikopo hiyo hiyo wakae humo jioni mbili tatu. Nazo ofisi za mitaa zitie saini siku hiyo hiyo, bila kumwambia kijana arudi kesho.