Kompyuta za Shule Zifunguliwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: PROGRAMU HURIA KATIKA MAABARA ZA KOMPYUTA ZA SHULE ZA SERIKALI

Mheshimiwa Waziri,

Naomba unitegee sikio katika jambo ambalo kwa dhahiri yake ni la mafundi, lakini kwa batini yake ni la malezi ya vijana na amana ya mali ya umma. Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Tanga, na nimechagua kukuandikia hadharani kwa sababu haja niliyonayo haikomei katika shule moja wala wilaya moja. Ni haja ya kila maabara ya kompyuta nchini, na tadbiri yake imo katika mamlaka yako.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi ambao umezoeleka katika ofisi na shule zetu tangu ulipotoka mwaka 2015. Mrithi wake, Windows 11, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, kiasi kwamba mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi, ijapokuwa kibodi ni nzima, kioo kinang'aa, na diski haijapata ila yoyote. Shule zetu aghalabu hupokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, ama kwa hisani ya wafadhili, ama kwa kugawiwa na taasisi zilizonunua mpya. Kwa hiyo uamuzi uliopitishwa Marekani kwa hesabu za biashara ya huko umetufikia huku ikiwa ni hukumu ambayo hatukuwa na kauli katika kuitoa.

Mbele yetu zipo njia tatu. Ya kwanza ni kununua mashine mpya, na kila aliyepata kukaa katika kikao cha bodi ya shule, akasikia madawati, matundu ya vyoo na kemikali za maabara vikigombea fungu moja dogo la fedha, anafahamu njia hiyo inakomea wapi. Ya pili ni kuendelea na mfumo usiopata tena huduma ya kawaida, au kuweka nakala iliyovunjwa kufuli ya leseni, jambo ambalo hufanyika kwa wingi na kusemwa kwa uchache. Nami nasema bila kificho kwamba hakuna mwalimu awezaye kumhimiza kijana juu ya uaminifu asubuhi, kisha mchana akamketisha mbele ya programu ya wizi. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: kuweka katika mashine hizo hizo mfumo endeshi wa Linux, ambao leseni yake yenyewe inaruhusu kila mtu kuutumia, kuusoma ndani yake, kuurekebisha na kumgawia mwenzake; hiyo ndiyo maana ya programu huria.

Asili ya mfumo huu inafaa ikumbukwe, maana inatufunza kitu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akikusudia kujenga mfumo mzima wa kompyuta ambao hakuna mtu angeweza kuwanyima wengine ujuzi wake. Na tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliwaarifu wenziwe kwamba anatengeneza kiini cha mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata kiini hicho, ndicho Linux, kiliwekwa chini ya leseni ya GPL iliyotokana na mradi wa GNU, na tangu hapo maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakiongeza, wakisahihisha na kukagua kazi ya wenzao mbele ya macho ya wote. Leo kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android iliyo mifukoni mwa wananchi wetu, ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwacho. Basi asije mtu akadhani kwamba nawaombea watoto wa maskini kitu cha hali ya chini. Nawaombea kile kile ambacho wakubwa wa dunia wamejichagulia wenyewe.

Ruhusa yako, Mheshimiwa, nikuingize katika maabara uione kazi kwa karibu. Kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka 10 na kumbukumbu ya GB 4, iliyokuwa ikichukua muda mrefu kuamka na kukwama kila ilipofunguliwa faili la pili, hukubali Debian, mojawapo ya namna za Linux, bila kinyongo, na mwanafunzi hupata humo LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, kivinjari cha kusomea, na vifaa vya kujifunzia kuandika programu, bila namba ya siri ya kununua. Tatizo kubwa la maabara zetu lilikuwa flashi: kijana huja nayo kutoka duka la kuchapisha mjini, akiichomeka katika Windows mafaili yake yote hutoweka, na mahali pake husimama njia za mkato ambazo kila akizibonyeza humwaga kirusi katika mashine nyingine. Flashi ile ile ikichomekwa katika Linux, mafaili yaliyofichwa huonekana yote mahali pake, na kirusi chenyewe, kwa kuwa kimeandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine, hulala hapo kama faili lisilo na kazi, hata mwanafunzi akalifuta kwa mkono wake. Sisemi kwamba Linux haina udhaifu wala haihitaji kuangaliwa. Nasema tu kwamba maradhi yaliyokuwa yakitumaliza sisi hayana njia humo.

Fauka ya hayo yapo mambo ya mtandao, na hapa ndipo faida inapozidi. Kompyuta moja kati ya zile kuukuu hufanywa seva, nayo hugawa anwani kwa nyingine zote, hutunza kazi za wanafunzi, na huhifadhi kila kifurushi cha masahihisho kilichopakuliwa, hivi kwamba mashine ya kwanza ikishakivuta kutoka intaneti, zilizobaki hukichukua humo ndani kwa kebo bila kugusa bando la shule. Kwa programu ya Kiwix, ambayo nayo ni huria, Wikipedia ya Kiswahili nzima hukaa ndani ya seva hiyo, ikasomwa hata siku ambayo bando limekwisha. Wanaoifanya kazi yote hii ni wanafunzi wenyewe: humenya ganda la kebo, huzipanga nyaya nane kwa taratibu yake, nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia, huzibana kwa koleo katika kichwa chake, kisha huandika amri fupi ya ping, na jibu la mashine ya pili linaporudi kabla hata hawajapepesa jicho, hufahamu kwa viganja vyao kitu ambacho nilikuwa nikiwaeleza ubaoni pasi na mafanikio.

Ufahamu huo wa kushika kwa mikono ndio hoja yangu kuu, Mheshimiwa Waziri, na hoja ya gharama iwe nyuma yake. Hatumfundishi mtoto Biolojia kwa kumwonyesha chura aliye ndani ya sanduku lisilofunguka. Tunampa kisu, tukamwambia apasue atazame. Lakini katika kompyuta tumeridhika kumfundisha abonyeze wapi, na mfumo wenyewe umeandikwa kwa siri ambayo sheria inamkataza asiifunue, hata akimaliza shule huwa ni mtumiaji hodari wa bidhaa ya mtu mwingine, asiyejua kinachotendeka chini ya vidole vyake na asiyethubutu kukitengeneza kikiharibika. Mfumo ulio wazi humpa kijana mwenye ghera mlango wa kuingia mpaka ndani kabisa: akitaka kujua jinsi kompyuta inavyogawa kumbukumbu yake, maandishi yenyewe yapo, ayasome, akiona kosa, alirekebishe, apeleke sahihisho lake kwa watunzaji, nalo likikubaliwa litatumika duniani kote. Shule ni mahali ambapo elimu haipaswi kufungiwa mwanafunzi kwa amri ya muuzaji, na Serikali inayotoa elimu bila ada ingefaa iwe ya kwanza kuikataa kufuli hiyo.

Kwa upande wa lugha, taifa letu lilikwisha kutangulia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili, na waliofanya kazi hiyo hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni, kwa sababu leseni ilikuwa imewapa idhini tangu awali. Wanafunzi wangu hawakupata kuisikia. Nchi iliyokifanya Kiswahili lugha ya Bunge na ya shule za msingi ina dhima ya kukiweka pia katika kioo cha kompyuta, na kwa programu huria kinachotuzuia ni utashi wetu tu.

Naelewa kwamba utaletewa pingamizi, na insafu inanitaka nizitaje. Utaambiwa kwamba jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta karibu 15,000 kwenda Linux, likamaliza kazi hiyo mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurejea Windows, baada ya manung'uniko ya wafanyakazi na mabadiliko ya uongozi. Ni kweli, na funzo lake ni kwamba mageuzi ya namna hii hayasimami kwa fundi peke yake. Husimama kwa kiongozi anayeyaamini na kwa watumishi waliofunzwa vya kutosha. Lakini jeshi la polisi la Gendarmerie, Ufaransa, lilianza mwaka 2005 na programu za ofisi, likahamia Ubuntu, namna nyingine ya Linux, hatua kwa hatua kuanzia 2008, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake zinaendeshwa hivyo. Karibu zaidi na hali yetu ni jimbo la Kerala, India, ambalo kwa mradi wa IT@School ulioanza mwaka 2001 lilizitoa shule zake za serikali katika programu za leseni, likawafunza walimu wa kawaida kwa wingi, likatengeneza mfumo wake juu ya Ubuntu wenye lugha ya Kimalayalam, na mwaka 2018 likaanzisha vilabu vya wanafunzi, Little KITEs, ambamo vijana huzitunza maabara zao wenyewe.

Utaambiwa pia kwamba zipo printa zinazogoma na kwamba waajiri wanataka kijana ajuaye Word. Printa zinazogoma zipo, na dawa ni kuandika katika masharti ya zabuni kwamba kila kifaa kinachonunuliwa kwa shule sharti kifanye kazi na Linux. Ama kuhusu ajira, aliyefahamu kupanga aya, kujenga jedwali na kuandika fomula katika programu moja, hushika nyingine kwa muda mfupi. Na sokoni anatafutwa zaidi yule ajuaye kusimamisha seva kuliko yule ajuaye kubonyeza tu.

Kwa hiyo naleta kwako maombi manne. Kwanza, itolewe kauli kwa shule zote, kwa kushirikiana na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwamba kompyuta yoyote isitupwe wala kuuzwa kuwa chakavu kwa sababu tu ya kukataliwa na Windows 11, mpaka ijaribiwe kwa mfumo huria. Pili, Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Mitihani wahakikishe kwamba mitaala, vitabu na mitihani ya vitendo vinampima mwanafunzi kwa kazi aliyoitenda, visimfunge kwa jina la bidhaa ya kampuni yoyote. Tatu, vyuo vya ualimu viingize katika mafunzo yao uwekaji na utunzaji wa Linux pamoja na misingi ya mtandao, na walimu tuliomo kazini tuandaliwe semina wakati wa likizo, kwa fedha ambazo zingekwenda kwenye leseni. Nne, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Baraza la Kiswahili la Taifa wapewe jukumu na fungu la kuiendeleza kazi ya mwaka 2004, ili mtoto wa kidato cha kwanza aiwashe kompyuta na kusemezwa kwa lugha anayoifahamu.

Hakuna lolote kati ya haya linalongoja mkopo wa nje wala utafiti mpya. Mashine zipo madarasani, mfumo upo tayari, vijana wana hamu, na walimu tutafanya kazi. Kinachokosekana ni waraka wa elimu wenye sahihi yako, ambao mkuu wa shule ataubandika katika mbao za matangazo na afisa elimu ataufuatilia, kwa kuwa bila huo kila mwalimu anayejaribu jambo hili hulifanya kwa hiari yake, na akihamishwa kituo kazi yake yote huhama naye. Nakusihi uutoe kabla ya kompyuta hizi kukusanywa na kupelekwa ghalani.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa somo la kompyuta,
Mkoa wa Tanga.